Daftari la Gobori

Ahero, mpunga ukishaanza kuinamisha kichwa,
kwelea huja kama moshi wenye njaa.
Baba mdogo Rading' hakuwa na risasi, wala hakuzitaka.
"Simuui anayekula," alisema. "Namwondoa tu mezani."
Alikuwa na gobori, mtutu laini ndani kama koo la chupa,
baruti kidogo katika pembe ya mbuzi,
fataki kumi na mbili kwenye kopo la kahawa,
na shida moja: kizibo.

Kwa maana baruti isiyozibwa hainguruma.
Hukohoa tu, phuu, kama mzee aliyepaliwa na uji,
na kwelea hugeuza shingo, wakatazama,
wakaendelea.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja
na daftari la hesabu, lile la miraba.
Akaniambia: Apondi, wewe andika.

Nikaandika.
Jumatatu. Sufi, kutoka mto wa kulalia wa nyanya. Inateleza. Sauti hafifu.
(Nyanya alilaza shavu juu ya ubao wiki nzima.)
Jumanne. Mafunjo makavu, yaliyotwangwa. Mdeki umekwama.
Tulivuta wawili hadi nikaketi matopeni.
Manyoya ya kondoo wa Nyar Alego: harufu. Harufu tu.
Majirani walikuja na chumvi, wakidhani tunababua kichwa.
Kiota cha nyigu, kilichohamwa, au tuliapa kuwa kimehamwa:
mlio mzuri.
Uso wa Rading' ulivyovimba sikuuandika.

Halafu katani.
Ah, katani! Ngurumo ilifika hadi darajani Nyando,
ng'ombe wakasimama na majani mdomoni.
Lakini nyuzi zilitoka zikiwaka,
zikatua polepole, kwa adabu kabisa,
juu ya mabua makavu ya Mzee Obare.
Tulizima kwa ndoo, kwa sufuria, kwa sketi yangu ya shule.
Fidia: jogoo mmoja.
Hilo nililiandika kwa wino mwekundu.

Basi tukajua tunachotafuta:
kitu kikaze lakini kisikwame,
kiingie motoni kisitoke na moto,
kipasuke angani, kianguke kimekufa.
Rading' alicheka. "Hata mke sikumtafuta hivi."

Mchana mmoja wingu likatushukia vitu vimekwisha.
Akanyoosha mkono bila kunitazama.
"Karatasi."
Nikachana ukurasa wa mwisho, ule mtupu.
Akaukunja, akaulowesha kidogo kwa ulimi,
akaushindilia, mara moja, mara mbili,
na gobori likanena.
Bonde zima la Kano likaitika.
Kwelea wakainuka, wakageuka shuka moja kubwa inayokung'utwa,
wakaenda kwa wengine.
Vipande vyeupe vikateremka juu ya maji,
baridi, kama vile havikuwahi kuhusika.

Kurasa tupu zilikuwa nne.
Siku ya tano alinitazama, nami nikamtazama.
Nikachana Jumatatu.
Ikaondoka sufi, yakaondoka mafunjo,
akaondoka kondoo na harufu yake;
nyigu wakaruka mara ya pili.
Katani niliificha siku mbili chini ya mkeka,
kwa ajili ya ule wino mwekundu. Nayo ikaenda.

Kufikia mavuno daftari lilikuwa majalada mawili na pini.
Mwalimu Nyamolo akauliza, hesabu iko wapi?
Nikaonyesha juu.
Akanichapa viboko viwili, vya haki, naona sasa.

Msimu uliofuata, nikipandikiza miche,
maji yakinifika magotini,
nilikuta kwenye tuta, limegandama chini ya bua la mwaka jana,
pande la karatasi lisilozidi ukucha,
kingo zake nyeusi, mraba mmoja na nusu,
na mwandiko wangu:
sauti haf

Sikumwita mtu.
Nililibana pamoja na mizizi ya mche,
nikalishindilia kwa kidole gumba,
nikasogea hatua moja nyuma.